Jiko Lenye Moshi Haliingii Ndani

Tangazo lile niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino mzito, kwenye ubavu wa boksi la sabuni: JIKO LENYE MOSHI HALIINGII NDANI. Nikalipigilia misumari minne kwenye ukuta wa baraza, mahali ambapo kila mpangaji akitoka chumbani angekutana nalo uso kwa uso. Mimi ni mtu wa kusema. Nikisema mara moja mtu asifanye, nasema mara kumi, na hiyo mara ya kumi hata jirani wa tatu anasikia. Siku ile nilirudi nyuma hatua mbili, nikalitazama, nikaona nimepata mdomo wa pili wa kunisaidia nikiwa shambani.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, umemegwa kutoka Arusha. Tukiandika barua, mkono uliandika Arusha wenyewe, tunakata, tunaandika upya. Mji wetu mdogo, upande wa Mbulu, ni mji ulioota kuzunguka hospitali. Mabasi yanashusha wagonjwa kutoka Hanang na Singida, na kila mgonjwa ana mtu wake wa kumpikia uji na kumfulia. Mgonjwa ana kitanda wodini, huyo mtu wake je? Zamani alijikunja popote. Ilipofika enzi ya kila mtu kufanya biashara yake, sisi wenye viwanja karibu na stendi tukafumbuka macho. Mimi na mume wangu tuliuza kitunguu swaumu cha shamba letu la kijijini Daudi misimu mitatu, sikununua hata kanga, tukajenga vyumba sita vya tofali za kuchoma, mstari mmoja, baraza mbele.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Kwenye kila chumba aliacha matundu mawili juu ya dirisha na mengine mawili ukuta wa nyuma, kila moja upana wa tofali. Nikamuuliza, hayo ya nini, upepo wa hapa unahitaji kukaribishwa? Akasema nyumba lazima ivute pumzi. Nikamjibu kwamba ikivuta pumzi mwezi wa saba wapangaji watapiga chafya mpaka wahame. Akacheka, akaendelea kupiga lipu. Mambo ya tofali yalikuwa yake, nikamwachia.

Yangu mimi yalikuwa siling bodi. Jamani, siling bodi! Mji mzima vyumba vya kupanga vilikuwa bati tupu juu, mvua ikinyesha hamsikilizani. Vyangu vilikuwa na dari nyeupe, nimezipaka rangi mwenyewe, shingo ikauma wiki nzima. Kabla hatujapata mpangaji wa kwanza nilikuwa naingia chumbani, najilaza chali sakafuni, naangalia juu tu. Aliyezaliwa kwenye nyumba kama ile niliyozaliwa mimi atanielewa.

Mimi nimezaliwa Daudi, nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa nyasi. Moto katikati, ndama upande mmoja, sisi upande mwingine. Moto haukuzimika. Moshi ulikuwa unapanda, unatafuta njia kwenye nyasi, na kabla haujaipata unakaa na sisi kwanza. Nguo zetu zilinuka moshi hata kanisani. Macho ya mama yangu yalikuwa mekundu maisha yake yote, na mimi nilijua kwamba adui wa nyumba yetu ni moshi. Tulikohoa, tulitokwa na machozi, lakini asubuhi sote tuliamka, na ndama pia. Hakuna aliyeniambia kwamba nyasi zile zilikuwa zinatoa nje, pamoja na moshi, kitu kingine kisichoonekana.

Basi nikaapa kwamba dari yangu haitaota masizi. Wapangaji walipikia barazani kwenye majiko ya mkaa. Baridi ikizidi, mtu angependa kuingiza jiko ndani aote. Sikumkatalia mtu, sina roho hiyo. Niliwaambia: washa nje, pepea, subiri makaa yashike yawe mekundu kabisa, moshi uishe, halafu ingiza. Jiko likishaacha moshi ni safi, halina neno. Hayo ndiyo niliyoamini. Ndiyo mama yangu angeamini, na majirani zangu wote waliamini. Nikaandika tangazo.

Mara moja alikuja bwana afya kukagua. Nilifagia tangu alfajiri. Alikwenda moja kwa moja chooni, akachungulia, akauliza kama kuna maji ya kunawa, akaandika kwenye daftari lake kwamba choo ni kizuri. Nikamkaribisha aone vyumba. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akasema, "Mama, umejitahidi. Mpaka siling bodi!" Nilivimba kichwa siku tatu. Matundu hakuyatazama, wala mimi sikujua kama ni kitu cha kutazamwa.

Mwezi wa sita mwishoni, mume wangu akiwa Katesh kwenye kazi ya kujenga maduka, alikuja kwangu mama mmoja wa Kibarabaig kutoka tambarare za Hanang, na binti yake wa miaka tisa. Binti alikuwa amepasuliwa mguu, mfupa ulikuwa na usaha ndani. Alikuwa ametoka wodini, lakini daktari hakutaka aende mbali, kidonda kilitakiwa kufungwa upya kila baada ya siku mbili. Mama alinisalimu shikamoo akiwa bado hajashusha mzigo. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, kila neno kalipima kwanza. Alisema anataka chumba mpaka mtoto atembee. Hakutaja wiki wala siku. Mpaka mtoto atembee, basi.

Nikawapa chumba cha mwisho, karibu na kwangu. Hawakuwa na jiko, nikawaazima langu la pili.

Yule binti! Mguu mmoja ulikuwa kwenye bendeji, lakini mdomo haukuwa na bendeji. Siku ya pili tu alikuwa ananiigiza ninavyogombeza kuku, mikono kiunoni, sauti yangu hiyo hiyo, wapangaji wakafa kwa kicheko. Alikuwa darasa la pili na alijua kusoma. Katika ukoo wao, mama yake aliniambia, alikuwa wa kwanza kujua. Alisoma kila kitu: mifuko ya unga, makaratasi ya dawa, maandishi ya mabasi yakipita. Akasoma na tangazo langu, neno kwa neno, kidole hewani, akamtafsiria mama yake kwa lugha yao.

Tangu hapo akawa askari wangu. Mama yake akiwasha jiko barazani, binti anakaa kizingitini na gongo lake la kutembelea limelala mapajani, anazuia mlango. "Bado, lina moshi," anasema. Mama anapepea. "Bado." Mimi nikipita naongeza chumvi, "Askari, usimpitishe huyo!" Anapiga saluti. Mpaka makaa yawe mekundu yote, hakuna hata uzi wa moshi, ndipo anainua gongo, jiko linapita. Niliwaambia wapangaji wengine waige mfano wa mtoto huyu. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, mbele ya watu.

Baridi ya mwaka ule ilikuja na ukungu na upepo pamoja. Mama alinijia asubuhi moja, akiwa amejikunyata ndani ya shuka lake, akasema upepo unaingia kwenye matundu, mtoto anatetemeka, daktari amesema asipate baridi. Akauliza kwa adabu kama anaweza kuweka matambara. Nikamwambia, mdogo wangu, matambara yatakuja kuniletea panya, ngoja. Nikachukua kigoda, nikakanda udongo na majani makavu kama tulivyokuwa tunakandika kwetu, nikapanda mwenyewe, nikaziba tundu moja baada ya jingine, yote manne. Binti alikuwa chini ananishikia kigoda kwa mkono mmoja. Nikapiga na chokaa juu ili ukuta usiwe na mabaka. Nilijiona nina huruma sana. Kwa kweli nilijiona mama mwenye nyumba ambaye Mungu mwenyewe angepanga kwake.

Baada ya hapo binti alikuwa anasema kichwa kinamuuma. Tukasema ni dawa, zile dawa ni kali. Akitoka kukaa barazani kinaacha, tukasema anapenda kuona mabasi.

Wiki tatu zilipita. Mguu ukakauka. Akaanza kuacha gongo, hatua nne, hatua saba, anahesabu kwa sauti, mama yake nyuma amenyoosha mikono bila kumgusa. Siku daktari aliposema wanaweza kwenda nyumbani, alitembea kutoka geti la hospitali mpaka kwangu bila gongo. Alifika amelowa jasho, akasema, "Shikamoo bibi, nimekuja kuhama." Nilimshika nikalia, nakiri.

Kesho yake palikuwa na ukungu mzito hata saa nne asubuhi. Mama alitaka kwenda stendi kumtafuta dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Katesh, ampe salamu za kumpelekea baba wa mtoto, kwamba mtoto amepona, wanakuja kesho kutwa siku ya mnada, awasubiri stendi na punda, maana kutoka barabarani mpaka kwao ni mbali kwa mguu mpya. Binti alikuwa bado amelala, amechoka na mwendo wa jana. Mama aliwasha jiko barazani. Nikampa mkaa kutoka gunia langu, nikamwambia ajaze, asimwachie mtoto baridi. Alipepea mpaka moshi ukaisha kabisa. Askari alikuwa amelala, lakini mama alikuwa ameshafuzu. Akaliingiza. Akafunga dirisha, akafunga mlango, akaniambia, "Mama, uniangalizie."

Nikasema nenda, mimi nipo.

Na nilimwangalia. Hapa niache niseme polepole. Saa sita hivi niliacha maharage yangu motoni, nikaenda, nikafungua mlango. Joto zuri lilinipiga usoni. Makaa yalikuwa mekundu, hakuna moshi. Dari yangu ilikuwa nyeupe. Binti alikuwa amelala chali, shuka limemfika kidevuni, midomo imekuwa myekundu, na mimi nikasema moyoni, angalia mtoto alivyopata damu, kweli amepona. Nilitaka kumwita ale. Nikasema hapana, mwache apumzike, safari iko mbele. Nikarudi kinyumenyume. Nikafunga mlango taratibu, nikaubana vizuri, upepo usipite chini.

Mama yake alirudi kama saa nane, anatabasamu, amempata dereva. Akaingia. Kwanza nilisikia anamwita kwa sauti ya kawaida. Halafu kwa sauti nyingine. Nikakimbia nikiwa na mwiko mkononi. Tulimbeba wote wawili mpaka hospitali, mimi kichwani, yeye miguuni, ule mguu uliofungwa bendeji mpya ukining'inia. Watu stendi wakasimama kututazama. Hospitali hawakutuchelewesha hata kidogo. Waliangalia macho yake, wakasikiliza kifua, wakajaribu walichoweza, halafu daktari akamshika mama bega.

Ni yeye aliyetueleza. Alisema mkaa unapoungua unatoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, na makaa yakiwa mekundu, hayana moshi, hewa ile ipo vile vile. Alisema moshi ni afadhali, kwa sababu moshi unakukera, unakufukuza, unatoka nje ukikohoa. Hii nyingine inakubembeleza ulale. Akauliza, "Chumba kina matundu ya hewa?"

Mama hakuelewa hayo matundu ya hewa ni yapi. Mimi nilielewa. Na mdomo huu unaosikika mpaka kwa jirani wa tatu nikautumia kumwombea mama maji ya kunywa.

Askari polisi wawili walikuja jioni ile ile, wapole, wamechoka. Waliingia chumbani, wakaligusa jiko kwa ncha ya kiatu. Mmoja aliandika, mwingine aliuliza. Nani aliwasha jiko? Mama akasema, mimi. Nani aliliingiza ndani? Mimi. Nani alifunga mlango? Mimi. Alisema kweli kwa kila swali. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mkono ukutani, chini kabisa ya chokaa yangu ambayo ilikuwa bado nyeupe kuliko ukuta. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Niliulizwa tu kama kuna kiti, nikaleta kiti.

Karatasi iliandikwa. Ilisema jiko liliwashwa na mama wa marehemu, mlango ulifungwa na mama wa marehemu, na kwamba ni uzembe wa mzazi. Wakampa akunje, aende nayo ili aruhusiwe kusafirisha na kuzika. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kifuani ndani ya nguo. Hakujua kilichoandikwa. Wa kumsomea alikuwa chumba cha maiti.

Mume wangu alifika asubuhi kutoka Katesh, taarifa zilimfuata. Aliingia chumba cha mwisho peke yake. Alipotoka aliniuliza swali moja tu, nani aliziba. Nikamwambia. Akakaa barazani, akisugua viganja vyake. Nikamwambia nitakwenda kusema, ile karatasi itamwangamiza yule mama, ndugu wa mume wake watamwona yeye ndiye muuaji. Akasema, "Unataka wakufunge?" Nikamwambia, ndiyo! Wanifunge! Nilipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka. Alichukua patasi, akaingia, nikasikia anayazibua yale matundu.

Nilikwenda ofisini kwa mtendaji wa kata. Nilimweleza yote, tangazo, udongo, chokaa, mkaa wa gunia langu, na mlango niliofungua nikafunga. Alinisikiliza bila kunikatiza. Ni mtu mwema, nisimsingizie. Akatoa kitabu kinene kutoka kabatini, akapuliza vumbi, akatafuta kwa kidole, akanisomea kwamba nyumba inayopangishwa iwe inafaa kukaliwa na binadamu, na kwamba paa na kuta ni juu ya mwenye nyumba.

"Basi ni mimi," nikasema. "Imeandikwa hapo. Andika."

"Mama," akasema, "kifungu hiki ni cha mpangaji kukudai wewe. Mpangaji amekulalamikia?"

"Hapana. Yeye ndiye aliyeniomba nizibe."

"Mna mkataba wa maandishi?"

"Mkataba wa nini? Alikuja na mgonjwa, nikamfungulia chumba."

Alifunga kitabu. Akasema jengo halikukatazwa na mtu yeyote, bwana afya alilipitisha, na polisi wameshaandika lao. Akasema wote mjini tumeziba, hata kwake nyumbani wameziba. Akaniambia nenda kapumzike, mama, umepatwa na mshituko, ni mipango ya Mungu. Nikamwambia Mungu hakupanda kwenye kigoda. Akarudisha kitabu kabatini. Nilijiona nimefika kwenye ukuta ambao hauna hata tundu la kuzungumzia, nikatoka.

Salamu zilikuwa zimeshakwenda. Hilo ndilo lililotutesa siku ile. Lori lilikuwa limeshaondoka, na hakukuwa na simu ya kumfikia mtu porini kule. Siku ya mnada tukakodi pikapu. Mama alikaa nyuma pamoja na jeneza, akakataa kukaa mbele, nami nikakaa naye. Njia nzima mkono wake ulikuwa juu ya ubao, kila tukiruka shimo anaubana. Mlima Hanang ulijitokeza, mawingu yamekatika juu yake, siku nzuri kabisa. Niliapa kimoyomoyo kwamba nitasema. Nitamwambia mume wake, pale pale, kabla hajasikia jingine.

Alikuwa amesimama stendi ya Katesh, kama alivyoambiwa. Mrefu, mkavu, shuka begani, kamba ya punda mkononi. Kwenye mgongo wa punda alikuwa ametandika ngozi laini na blanketi jipya juu yake. Alikuwa anatazama mabasi. Hakutazama pikapu. Mama alishuka, akamwendea kutoka nyuma, akamgusa mkono.

Walizungumza kwa lugha yao. Sikuelewa neno, lakini niliona uso wa baba. Alikuja mpaka kwenye pikapu, akaweka kiganja kwenye ubao, akakiacha hapo. Punda alikuwa anafuata kamba. Watu wa mnada walipita na mbuzi wao, wengine wakisimama, wakielewa, wakiondoka.

Halafu mama akatoa ile karatasi kifuani, akampa. Akaigeuza upande huu na upande ule. Akanitazama mimi. Akanisalimu kwanza, kwa heshima, kama mtu asiye na msiba. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kupima pima kama cha mke wake, "Mama, sisi hatujui kusoma. Tusomee."

Nikaipokea. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Mama wa mtoto alikuwa amesimama kando, ameinamisha kichwa, anasubiri kusikia serikali imesema nini juu ya mtoto wake. Na baba alikuwa na fimbo mkononi, fimbo ya ng'ombe tu, na mimi nikaiogopa. Hapo ndipo nilipojua mimi ni mtu wa namna gani.

Nikawasomea kilichoandikwa. Jiko liliwashwa na mama wa marehemu. Mlango ulifungwa na mama wa marehemu. Nilipofika kwenye uzembe wa mzazi, nikalisoma na hilo. Nikakunja karatasi, nikairudisha.

Mama alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kila neno lake. Kisha akamwambia mume wake jambo refu, akinionyesha mimi kwa mkono. Yule baba akanigeukia. Akasema, "Amenieleza. Umempa chumba. Umempa jiko. Umeziba baridi kwa mikono yako. Siku ile umekwenda kumwangalia mtoto." Akanipa mkono wake. "Asante, mama."

Nilimpa mkono. Nilipanda pikapu, nikageuka nyuma, nikawaona wanaelekea tambarare na majirani waliokuja mnadani wamewasaidia kubeba, punda mbele na blanketi lake bado limetandikwa.

Yule mama sijamwona tena. Nilisikia kwa mtu wa kwao, aliyeleta mgonjwa mwaka uliofuata, kwamba hayupo kwa mume wake. Wazee wa ukoo walikaa, wakamrudisha kwa baba yake. Nikamuuliza kama kuna wa kumpelekea maneno yangu. Akaniuliza, maneno gani? Nikashindwa kuanza.

Tangazo nililing'oa, nikalichoma. Matundu yako wazi, mume wangu ameyawekea wavu wa chuma. Lakini nani ataing'oa kwenye vichwa vya watu kanuni niliyoitangaza mwenyewe? Wapangaji wa zamani wanawaambia wapya, wapya wanawaambia wanaokuja: ukitaka kuota, subiri moshi uishe. Nawaambia hapana, nagombeza, nasema mara kumi. Wanasema ndiyo mama. Baridi ikishika, narudi kutoka shambani nakuta matambara kwenye wavu. Nayachomoa. Kesho yapo. Wamezoea, na mimi kwao ni bibi mwenye kelele anayewatesa watu kwa baridi.

Juzi tu, ukungu ule ule, nilipita barazani nikasikia joto linatoka chini ya mlango wa chumba cha mwisho. Niligonga kama mwendawazimu. Akafungua mama kijana, mtoto mchanga mgongoni, amependeza, amepata usingizi. Nyuma yake niliona jiko, jekundu tupu. Nilianza kusema, maneno yakagongana. Alinigusa bega kunituliza, akanitabasamia vile watu wanavyowatabasamia wazee.

"Usiwe na wasiwasi, mama," akasema. "Halina moshi." Na akaanza kufunga mlango, taratibu, mtoto asiamke.

Niliweka mguu wangu kizingitini. Nikauacha hapo.